Salamu za Ruben kutoka Kakuma Nzima

Jumatatu, 3 Machi
...na tena Ruben ananukia sabuni hata akitoka kucheza mpira! Basi, nimeshalisema hilo jana. Leo kazi. Mume wangu anafundisha Kakuma, mimi niko Lodwar, nachapa salamu za wasikilizaji kwenye kompyuta ya redio, kila salamu mstari wake. Tangu harusi tunaonana kwa simu tu. Bosi wangu, Mama Achan, kasema salamu zikiwa tayari na zikisomwa vizuri Alhamisi, Ijumaa nipande gari niende kwa mume. Ijumaa!

Jumanne, 4 Machi
Kipindi cha Kakuma kimehamishwa jioni. Kila salamu ya Kakuma inayosema "asubuhi njema" lazima ibadilishwe. Opondo, mtangazaji, akasema bibi harusi atabaki kwenye hiki kiti mpaka Pasaka. Nikamwambia atazame. Nikachuja: mistari yenye neno Kakuma ikabaki, mingine ikajificha. Nikachagua "asubuhi" zote kwa pamoja, nikaandika "jioni" mara moja. Zikageuka zote! Raha iliyoje!
Nikaenda mwisho wa salamu yangu mwenyewe ya Kakuma nimwongezee Ruben neno dogo. Nikafumba macho nimwone vizuri. Vidole vikajiendea: "Na kwako mume wangu Ruben, midomo yako ni asali." Nikahifadhi bila kutazama. Machozi ya furaha!

Alhamisi, 6 Machi
Mungu wangu. Opondo husoma anachowekewa, hata nukta haruki. Mzee Dut wa kanisani akawatakia waumini wote jioni njema, na kwako mume wangu Ruben, midomo yako ni asali. Nyawech wa chapati, vivyo hivyo. Timu nzima ya mpira, vivyo hivyo! Kumbe nilipokuwa naandika, mistari yote ya Kakuma ilikuwa bado imechaguliwa. Neno langu dogo likaingia kila mahali.

Ijumaa, 7 Machi
Gari limeondoka bila mimi. Mama Achan kasema sitoki Lodwar mpaka Kakuma yote iombwe radhi hewani. Ruben kapiga simu: wanafunzi wanamwita "mume wangu", Mzee Dut akimwona anavuka barabara. Mama mkwe Godelieve akamnyang'anya simu. Akauliza, bibi ya mwanangu, huyu Nyawech midomo ya Ruben aliionja wapi? Nikasema ni mimi niliyeandika, mama. Akauliza, na wale wanaume je? Opondo naye anataka kujua kama nafasi ya mke wa pili bado iko wazi.

Jumamosi, 8 Machi
Kuomba radhi mstari kwa mstari? Hiyo ni kazi ya wasiojua! Nimechuja Kakuma, nikachagua yote, nikaandika "samahani sana" mara moja. Kila mstari una kijiti cha kuandikia kinachometameta mwishoni, kama taa za harusi yetu. Nikakumbuka Ruben wangu hajui nitakuja lini, maskini. Nikamwongezea neno papo hapo, macho nimeyafumba: "Ruben mpenzi, kabla mwezi huu haujaisha nitakuja kulala kwako."