Droni Iliyolalia Kushoto

Jumatatu, 15 Mei
Leo nimejiponza mwenyewe. Tulikuwa kwa wakwe tukinywa chai. Shemeji Tologon, kaka yake mke wangu, akasema kesho anapanda farasi kwenda kuangalia kama theluji imeondoka kwenye njia ya mlimani, ili kondoo wahamie malisho ya juu. Siku nzima kwenda na kurudi, maana njia inazungukazunguka. Nikamwambia ampumzishe farasi. Droni yangu itapanda moja kwa moja, ichungulie na kurudi kabla chai haijapoa. Baba mkwe, mzee Asanaly, akaweka bakuli chini akanitazama. Mara ya kwanza tangu harusi. Akasema sawa, kundi litasubiri picha zangu.

Burulai, mke wangu, alikuwa akinikanyaga mguu chini ya meza. Nimechelewa kuelewa.

Droni nimeiunda mwenyewe. Haijawahi kuruka.

Jumanne, 16 Mei
Imeruka. Kidogo. Kisha ikalalia kushoto kama mlevi anayetafuta ukuta, ikaangukia paa la wakwe, katikati ya kuruti alizoanika mama mkwe. Vidonge hivyo vya maziwa makavu vikamwagika uani. Kuku wamekula sikukuu. Shemeji akauliza kama theluji ya paani imeshayeyuka.

Nyumbani nimeiunganisha na kompyuta. Ajabu! Droni iko juu ya jokofu, imetulia tuli, lakini mchoro wake kwenye skrini unainama kushoto, pole pole, kama mtu anayesinzia. Kosa liko kwenye bodi inayoiongoza droni, kwenye jairo: kidude kidogo kuliko punje ya mchele, ambacho kazi yake ni kuhisi droni inavyogeuka. Changu kinahisi yasiyokuwepo. Kinaota nini? Nimekitazama hadi chakula kikapoa.

Jumatano, 17 Mei
Nimegundua. Ni jokofu! Jairo ikiwashwa lazima itulie kabisa, ijifunze utulivu ni nini. Mimi huiwasha juu ya jokofu, na jokofu letu hutetemeka kama lina homa. Nimehamia dirishani. Mchoro ukasimama wima. Nikamwita Burulai aje aone. Alipofika, mikono imejaa unga, ukalala kushoto.

Akasema, "Baba Aidai, labda imekuchoka."

Lakini mbona mwanzoni ilikaa sawa? Ikikaa imewashwa, inapata joto. Joto?

Alhamisi, 18 Mei
Jaribio kubwa. Nimechukua kikausha nywele cha Burulai, bila kuomba. Nikiipuliza bodi joto, mchoro unalala. Nikiisogeza kwenye ubaridi wa dirishani, unainuka. Unalala, unainuka. Sijafurahi hivi tangu nianze kufundisha hesabu.

Kikausha nywele kimeungua. Burulai alikihitaji kwa harusi ya binamu yake. Amekwenda na kitambaa kichwani. Mimi sikualikwa tena.

Shemeji amepita kuulizia picha. Majani ya huku yamekwisha, kondoo wanatafuna uzio. "Shemeji, sema tu imekushinda, nitandike farasi." Nikamjibu kwamba sayansi haikimbizwi. Akaondoka akitikisa kichwa.

Ijumaa, 19 Mei
Nimekuta skrubu moja imeibana bodi mpaka imepinda. Nimeilegeza. Nikiwa hapo hapo nikabadilisha waya, nikaweka na sponji chini. Nimewasha. Nimesubiri ipate joto. Wima. Nimekunywa chai. Bado wima. Nimeizunguka meza nikiivizia.

Kipi kimeiponya: skrubu, waya au sponji? Nimevifanya vyote kwa pamoja, mjinga mimi. Swali linaniwasha kuliko upele.

Mlimani mawingu meusi. Hakuna kuruka.

Jumamosi, 20 Mei
Theluji imeanguka usiku kucha. Wachungaji wa bonde la pili walikuwa wameshapanda. Wameshuka asubuhi na wanakondoo waliosalia ndani ya makoti yao. Wengine wamebaki huko juu, wamekufa. Mzee mmoja alikuwa analia barabarani, na mimi nikasahau jairo kwa muda.

Kundi letu lote lipo huku chini, hai, linatafuna uzio.

Baba mkwe amekuja mwenyewe hadi mlangoni. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwanangu, ungetuharakisha, leo tungelia sisi." Shemeji alikuwa anatazama viatu vyake. Ningeweza kusema ukweli. Nilikohoa kidogo, kama mtu aliyejua.

Jumapili, 21 Mei
Imeruka! Wima kama mnara. Imerudi na picha safi: njia bado nyeupe tupu. Wakwe wamezipokezana picha kama za mtoto mchanga. Shemeji amenibebea betri bila kuambiwa. Baba mkwe ametangaza mbele ya ukoo wote kwamba kondoo hawahami hadi droni itakaposema, na kesho alfajiri iruke tena. Nimeahidi, mkono kifuani.

Tulipofika nyumbani Burulai aliniketisha. "Inafanya kazi. Iweke kabatini, usiiguse." Nikamwambia amesema kweli kabisa. Amekwenda kwa mama yake kumsaidia kuanika kuruti nyingine.

Kweli, haina kasoro hata moja.

Nimeifungua nione kwa nini.