Mtungi Uliogoma Kuchacha

Jumatatu, 4 Desemba

Siku kumi na tisa zimebaki! Tarehe 23 nitawashiwa taa tatu, nitapewa jina, na mimi Triệu Sếnh, mwenye miaka arobaini na mitatu na magoti mabovu, nitakuwa mtu mzima. Kwetu Wadao wa milima ya Vietnam, asiyewashiwa taa ni mtoto hata akiota mvi. Marehemu baba hakuwahi kupata nguruwe wa kutosha. Mwanangu Lai ana miaka kumi na saba na anasubiri pia, maana mwana hamtangulii baba.

Leo tumekula kwa shemeji yangu Phấu, kaka wa mke wangu Mẩy. Yeye aliwashiwa zake akiwa na miaka kumi na minne na hajanyamaza tangu hapo. Kaniketisha na watoto. Akaniuliza mbele ya wote kama nikatiwe nyama au nitaweza mwenyewe. Nimeweza mwenyewe.

Nguruwe wawili wapo. Imebaki pombe ya mchele, lita sitini. Bila pombe wazee hawawezi kuita mababu, na mababu wasipofika hakuna jina. Kazi ndogo.

Jumatano, 6 Desemba

Siku kubwa kwa sayansi. Pale kiwandani ninapochochea moto wa kukamulia mafuta ya majani ya mdalasini, kaja mtaalamu kutoka Hanoi, mwanamke mwenye miwani. Kasema asidi ya mdalasini ina ukoo mkubwa. Ndugu mmoja anaua ukungu. Mwingine anafukuza wadudu. Mwingine anatiwa kwenye krimu ya kukinga jua. Hata pumba za mchele zina jamaa yao humo. Nimeelewa yote. Akaanza habari ndefu za vipimo na tahadhari, nikaenda kujaza mafuta chupa yangu.

Nyumbani nimenyunyizia pipa la mchele. Fukusi wametoka mbio! Kisha nikajipaka usoni, ili siku ya taa niwe mng'avu. Uso umekuwa mwekundu na unawaka. Mẩy kauliza kama nimetumbukiza kichwa kwenye tanuri. Nimemweleza kwamba dawa ikiuma ujue inafanya kazi.

Hapo ndipo wazo lilipokuja. Pombe ya Phấu iliharibika ikawa siki kwenye harusi ya binti yake, jambo ninalolitaja kila ninapopata nafasi. Yangu haitaharibika. Mẩy kachanganya wali na hamira yake ya majani, kaujaza mtungi, kaenda kuchota maji. Nikamimina kikombe kizima cha mafuta.

Jumamosi, 9 Desemba

Mtungi kimya. Wa Phấu unatoa povu na kunguruma mpaka unasikika barabarani, kama mwenyewe. Wangu una adabu.

Alhamisi, 14 Desemba

Bado kimya. Mẩy anataka kufunua. Nimekataa. Anasema pombe ya siku nane lazima inuke pombe, na hii inanuka duka la dawa. Nimemwambia hiyo ni harufu ya ubora. Kaenda kulisha nguruwe.

Nimemwalika Mzee Đặng, mwendesha ibada wetu, aje Jumapili aonje kabla hatujaikamua. Phấu pia nimemwalika. Nataka aone kwa macho yake.

Jumapili, 17 Desemba

Siandiki mengi leo.

Mzee Đặng kafunua. Kachota kwa mkono, katafuna, katema. Akasema, "Sếnh, huu ni wali. Una siku kumi na moja na haujabadilika hata punje. Umeufanyia nini?"

Nikaeleza kuhusu mafuta. Nikaeleza na ukoo wa asidi. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hamira ni kiumbe hai, mwanangu. Umeiua."

Phấu hakucheka. Ningependelea acheke. Kamgeukia Lai, kamshika bega, kamwambia pole. Lai katoka nje bila kuniangalia. Nimeumia, nakiri. Nimeumia sana.

Jumatatu, 18 Desemba

Mambo yamekaa sawa! Mzee Đặng kapitia kitabu chake cha siku. Kuna siku moja tu nyingine inayokubaliana na nyota yangu, tarehe 20 Januari. Baada ya hapo ni miaka mitatu. Hatutahitaji miaka mitatu.

Phấu katoa gunia la mchele. Kasema ni kwa ajili ya Lai, si kwa ajili yangu, na akaniita kijana mara mbili. Mẩy kaenda msituni kutafuta majani ya hamira mpya. Kidonge cha mwisho cha hamira alichoachiwa na mama yake amekisaga chote humo kiwe mbegu, akafinyanga vidonge thelathini na kuvipanga kwenye ungo juu ya nyasi, akisema vikivaa nyeupe ndipo vitakuwa tayari. Kaniapisha mbele ya Mzee kwamba sitatia mafuta mtungini tena, hata tone. Nimeapa kwa moyo mweupe. Kosa nimelielewa: mafuta hayana kazi ndani ya mtungi.

Ijumaa, 22 Desemba

Mẩy yupo sokoni. Nimepita kuangalia ungo, maana mwanamume anayekaribia kupewa jina lazima akague mambo ya nyumba yake. Bahati njema nilipita! Vidonge vyote thelathini vimeota ukungu mweupe, mwingi, laini kama manyoya ya kifaranga. Masikini Mẩy, angerudi akute kazi yake yote imeoza.

Kiapo changu kilihusu mtungi. Huu ni ungo. Nimevipaka mafuta kimoja kimoja, juu na chini, kwa unyoya wa kuku. Ukungu umekwisha kabisa. Nimekaa mlangoni namsubiri arudi, anishukuru.