Vita vya Sanduku na Trela, na Vidole Vitatu vya Boriti

Njooni karibu, nyinyi mliowahi kusafiri saa saba mkiwa mmepakata ndoo. Njooni nanyi mliowahi kushuka likizoni na alama ya mpini wa mwavuli shavuni, na nyinyi ambao miguu yenu haijagusa sakafu ya gari tangu mpate watoto, kwa sababu sakafu ina mfuko wa viazi. Zimeni redio, mtoto apewe kitu cha kutafuna, kisha mtege masikio. Maana nataka kuyaweka katika maandishi matendo makuu ya Jumamosi ile, namna nyumba moja ilivyogawanyika pande mbili kwa ajili ya sanduku na trela, namna majemadari walivyoinuka na kuanguka kabla ya saa nne asubuhi, na namna ushindi ulivyopatikana kwa upana wa kidole, kupitia mtu ambaye hakuna aliyempanga vitani.

Kwanza mjue vita vilihusu nini.

Tuna gari la viti saba. Saba hivyo ni vya kwenye karatasi. Viwili vya nyuma kabisa hulazwa kila likizo ili mizigo ipande juu yake, tukabaki na vitano, nasi tuko watano: mimi, mume wangu, ambaye ni mwenyekiti wa kamati ya mtaa na huzungumza hata na fundi bomba kana kwamba yuko mkutanoni, binti yetu mkubwa, ambaye kwa ubishi wake tunamwita Wakili, na mapacha wa miaka minane, mashujaa wa mapigano ya kiti cha nyuma, ambao wakinyamaza ujue kuna kitu kimevunjika. Wa sita ni Bibi, mama mzazi wa mume wangu. Bibi hakuwa na kiti. Goti lake halikubali ngazi za basi, na kwa miaka mitatu mfululizo, wakati sisi tunafunga buti kwa kulisukuma na magoti, yeye alisimama barazani akasema, "Nendeni tu, wanangu. Mimi nitabaki nilinde nyumba."

Mwaka jana tuliporudi kutoka ziwani niliingia kufagia chumbani kwake, nikakuta nyuma ya mlango begi dogo limefungwa zipu. Ndani mlikuwa na magauni mawili, dawa zake za presha, na ndara mpya ambazo lebo yake ilikuwa bado inaning'inia. Alikuwa amejiandaa. Alijiandaa, akangoja aambiwe, hakuambiwa, akatupungia mkono. Nililirudisha begi pale pale, na kwa ufagio niliokuwa nimeushika nikaapa kwamba likizo ijayo Bibi atakaa kwenye kiti, na mizigo itatafuta pa kwenda.

Sasa mizigo ina pa kwenda pawili tu: juu ya gari au nyuma yake. Hapo ndipo ufalme ulipopasuka.

"Ndugu wajumbe," alisema Mwenyekiti tukiwa mezani, kijiko kimeinuliwa kama fimbo ya enzi. "Familia yetu inakua. Familia inayokua haijitwishi mizigo kichwani. Inavuta. Mtu akiona gari linavuta trela, anajua mwenyewe ana mipango."

"Ana mipango ya kurudi rivasi?" nikamuuliza.

"Rivasi ni suala dogo."

"Kwa nani?"

"Mama watoto, tusiingie kwenye mambo binafsi."

"Naomba kuuliza," alisema Wakili. "Baba amewahi kurudisha trela nyuma?"

"Nimeshuhudia likirudishwa."

"Na nani?"

"Kikao kimeahirishwa," akasema Mwenyekiti, akarudi kwenye supu yake.

Mimi ni mtunza stoo wa hospitali, na stashahada yangu ni ya kazi hiyo hiyo: kuingiza vitu mahali ambapo watu wamesema haviingii. Nikasimama upande wa sanduku. Sanduku halina magurudumu, halina taa, halina akili yake lenyewe. Unaliweka juu, linakaa. Nililichora kwenye karatasi ya miraba, urefu, upana, kimo, mpaka unene wa bati, nikampelekea Shemeji.

Shemeji, mdogo wa mume wangu, Mwana wa Cheche, Mtawala wa Moto wa Buluu, ni mchomeleaji. Geti letu kalichomelea yeye, keria ya juu ya gari kaichomelea yeye, na nusu ya madirisha ya mtaa yana jasho lake. Trela alikuwa nalo tayari. Akatengeneza sanduku, akafunga na kulabu ya kuvutia trela, na Ijumaa jioni gari letu lilisimama uani limejiandaa kwa vita pande zote mbili, juu na nyuma. Tulikubaliana hivi: asubuhi ya safari tutajaribu trela kwanza, kwa heshima ya cheo. Likishindwa, sanduku. Vyote vikishindwa, viti vya nyuma vitalazwa kama kawaida. Hilo la tatu hakuna aliyelitamka kwa sauti, kwa sababu Bibi alikuwa anachambua mchele karibu nasi.

Kulipopambazuka trela lilipakiwa. Magodoro ya sponji, jiko la gesi, sufuria, madumu ya maji, maboya ya mapacha, na gunia la viazi ambalo tangu hapo limestahili nishani. Nyumba yetu iko mwisho wa kichochoro, hivyo gari hutoka kinyumenyume mpaka pale njia inapopanuka. Mwenyekiti akapanda. Akarekebisha vioo vyote vitatu. Akatazama mbele kwa muda, kama mtu anayeaga.

Akaliendea adui kwa rivasi. Akakata usukani kulia, na trela, kwa dharau ambayo sijaiona hata kwa mapacha, likaenda kushoto. Akasogea mbele, akajipanga, akakata kushoto. Trela likaelewa kulia. Mara ya tatu alikata kidogo tu, kwa upole, kama anayembembeleza ng'ombe, na trela likajikunja, likaziba kichochoro chote, gurudumu moja ndani ya maua ya jirani yetu mstaafu.

Jirani akatoka na mswaki mdomoni. Akaliangalia kwa utulivu wa mtu asiye na pa kuwahi.

"Mwenyekiti, hilo linaingia au linatoka?"

"Liko kwenye mchakato," akasema Mwenyekiti.

Tulilifungua kwa mikono, tukalisukuma watu sita na jirani na mswaki wake, na trela likarudi uani kwa aibu, mdomo chini. Mume wangu alibeba jiko la gesi mwenyewe mpaka kwenye gari, na mimi, kwa huruma ya mshindi, nikajifanya natafuta funguo.

Likaja zamu ya sanduku. Likayameza magodoro, likayameza maboya, likameza sufuria zikiwa zimepandana kama nilivyozichora. Mfuniko ukafungwa bila goti la mtu; viazi, madumu na jiko vikabanwa kwenye buti. Viti vya nyuma vikainuliwa, mapacha wakapanda huko kwa kelele za utekaji, na katikati, dirishani, kando ya Wakili, akaketi Bibi, begi lake mapajani. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea. Tukateremka kichochoroni salama, tukaingia barabara ya mtaa, na nilikuwa nimeshaanza kutunga hotuba ya ushindi moyoni, Mwenyekiti alipokanyaga breki.

Mbele yetu ilikuwa boriti.

Niwaeleze boriti. Mtaa wetu una mlango mmoja wa kutokea, na miezi minane nyuma kamati iliweka hapo boriti ya chuma, imekingama juu ya njia, kuzuia malori ya mchanga yasivunje barabara. Kimo kilipendekezwa na Mwenyekiti. Kilipitishwa na Mwenyekiti. Siku ya kuizindua alihutubia dakika arobaini chini yake. Kuichomelea, mnajua ni nani.

"Shukeni wote," akasema. "Gari lipumue."

Tukashuka wote. Shemeji, aliyekuwa akitusindikiza na baiskeli, akaja. Mlinzi wa pale akatoka kibandani na daftari. Nikapanda juu ya jiwe na futi yangu, nikapima, nikapima tena kwa sababu sikupenda jibu. Sanduku lilikuwa limeizidi boriti kwa vidole vitatu.

"Basi tulishushe sanduku," nikasema, "tupite, tulipandishe ng'ambo. Shemeji, fungua bolti."

Shemeji akatazama baiskeli yake.

"Bolti zipi, shemeji?"

"Nilizochora. Nne, kila pembe."

"Bolti zinalegea, shemeji," akasema kwa sauti ya mtu anayetetea imani. "Nililichomelea."

Hata mapacha walielewa.

"Na boriti?" aliuliza Wakili. "Si tungeikata boriti?"

Mlinzi akafungua daftari. "Atakayeigusa boriti hii kwa nia yoyote ile," akasoma polepole, "atachukuliwa hatua bila kujali cheo. Imetiwa saini na Mwenyekiti. Hapa. Na hapa tena."

"Nakumbuka," akasema mume wangu.

Tukashambulia magurudumu. Shemeji akatoa upepo, shii, shii, gurudumu moja baada ya jingine, mpaka aliposema inatosha, zaidi ya hapo rimu zitalia kabla ya kituo cha mafuta kule ng'ambo chenye pampu. Nikapima. Tulipata kidole kimoja. Vilibaki viwili, na viwili hivyo vilikuwa vya chuma.

Akasafisha koo Mwenyekiti, na hotuba ikaja, lakini safari hii ilikuwa fupi. "Itabidi sanduku likatwe," alisema bila kumtazama mtu. "Mashine ya kukatia ipo nyumbani. Kuchomelea tena huku barabarani hakuna umeme. Kwa hiyo mizigo…" Akaishia hapo.

Mizigo ingerudi kwenye viti vya nyuma. Mapacha wangerudi katikati. Na katikati pana viti vitatu, vya watoto watatu.

"Likate tu, mwanangu," akasema Bibi. "Jua linapanda, watoto watachoka. Nendeni. Mimi nitabaki nilinde nyumba."

Alisema kwa sauti ile ile ya miaka mitatu, laini, bila kosa. Shemeji akageuza baiskeli. Nikabaki juu ya jiwe na futi yangu mkononi, stashahada yangu haina kazi, nikitazama ufa uliokosekana kati ya bati na chuma. Maana sikutaka kumtazama Bibi usoni.

Naye, kwa kuwa goti lake lilikuwa limechoka kusimama, akafungua mlango, akajikalisha kwenye kiti chake mara moja ya mwisho, apumzike kabla ya kurudi nyumbani.

Gari likaguna. Nami nikaona, kwa macho yangu haya, sanduku likishuka.

"Mama," nikasema, "usitoke."

"Ninapumzika tu, mkwe wangu."

"Pumzika, Mama. Pumzika na uzito wako wote. Shemeji, rudi hapa. Nyinyi wote, ndani ya gari."

"Tutaliongezea uzito," akasema Mwenyekiti.

"Ndiyo, baba watoto. Huo ndio mpango. Tulishuka ili gari lipumue, likavuta pumzi, likarefuka."

Nikapima. Bibi, Mama wa Nyumba, Nanga ya Ukoo, peke yake alikuwa ameshusha kidole kimoja kamili. Wakili na mapacha wakapanda, ikaondoka nusu kidole, ikabaki nusu. Nikampa Shemeji futi na jiwe, nikapanda mbele, kando ya Mwenyekiti, na mkoba wangu wa risiti za miaka sita, na kwa mara ya kwanza tangu nijifungue nikashukuru kwa kila kilo niliyo nayo.

"Taratibu," akasema Shemeji kutoka kwenye jiwe. "Taratibu, kaka. Njoo. Njoo. Watoto msicheke, mnalirusha."

Hakuna jeshi lililowahi kupita mlango wa adui kwa utulivu ule. Mapacha walishika pumzi mpaka wakabadilika rangi. Boriti ikapita juu ya kioo, ikapita juu ya vichwa vyetu, na juu ya sanduku ikasikika sauti moja nyembamba, kriii, kama kucha kwenye sahani. Kisha hakuna. Kisha mwanga.

Mlinzi akaandika kitu kwenye daftari. Baadaye nilikisoma: "Gari la Mwenyekiti limepita. Boriti haijaguswa sana."

Katika kituo cha mafuta, magurudumu yakirudishiwa upepo, Wakili alikuwa na la kusema, maana daima analo.

"Naomba kuuliza. Siku ya kurudi viazi vitakuwa vimeliwa, maji yamekwisha, gesi imepungua. Gari litakuwa jepesi, litainuka. Tutapitaje?"

Swali lilikuwa halali.

Bibi alikuwa amefungua begi na kutoa zile ndara. Akakata lebo kwa meno, akavua viatu vya kutokea, akazivaa na kuipima miguu yake sakafuni, mahali ambapo kwa miaka mitatu palikaa ndoo.

"Basi itabidi nile," akasema.

Na ijulikane kwa wote watakaosoma, na wana wao, na watakaorithi gari hili na bati lililochomelewa juu yake lisilotoka: tulikaa ziwani siku tisa, na Bibi alikula. Alikula asubuhi, alikula mchana, alipewa kipande cha pili na mwanawe mwenyewe, ambaye kila mara alisema ni kwa manufaa ya msafara. Siku ya kumi tulirudi, tukatoa upepo, tukanyamaza, tukapita chini ya boriti ile, na haikutugusa.