Kamba Wanalala Wapi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kamba wamefika Kianjai wakiwa hai. Nimewapokea stejini na mwanangu Kinya mgongoni. Riungu wangu amewatuma kutoka Kilifi, anakofanya kazi kwenye mabwawa ya kamba, pamoja na mitungi ya maji ya bahari na gunia la tope. Wakiishi, atarudi tuwafuge hapa. Wakifa, anatia sahihi mkataba wa mwaka mwingine huko. Kinya akiulizwa baba yuko wapi, anaonyesha simu.

Tope ni jeusi, linanuka mayai yaliyooza. Riungu naye, kunitumia uchafu wa watu. Nimelimwaga kwenye migomba. Tangi la plastiki la kuwafugia nimelisugua na jivu mpaka likang'aa. Mgeni halazwi matopeni.

Jumatano, 5 Machi
Hawatulii. Mchana kutwa wanazunguka kwenye plastiki tupu, wanapandana. Mmoja amejivua gamba, wenzake wakamla. Jirani yangu Mama Antony, yule muuza samaki, amechungulia akasema hata kuku wake wana pa kujificha, mimi wageni wangu nimewaweka uwanjani.

Nimempigia Riungu. Akanieleza polepole, kama anayemwambia Kinya: kamba mchana hujizika topeni, giza likiingia ndio hutoka kula. Huko baharini, penye tope laini na nyasi na mizizi ya mikoko wamejaa. Penye mwamba mtupu hupati hata mmoja. Akauliza tope liko wapi. Nikasema lipo.

Alhamisi, 6 Machi
Tope la Riungu, mama mkwe ameshalilima pamoja na samadi. Lakini tope ni tope. Nimechota la mtoni, kwenye shamba la nduma. Kamba wakazama humo mara moja. Nimelia kwa furaha. Nikamwita Mama Antony aje aone vile hawaonekani.

Jumamosi, 8 Machi
Wameelea wote.

Riungu anasema tope la mtoni halina chumvi, tena limeoza kivingine. Hakunigombeza. Amesema tu ametia sahihi. Nikamwekea Kinya simu sikioni. Akaibusu.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani nimewaza vizuri. Kosa lilikuwa la kamba wenyewe. Ngozi laini, lazima wafunikwe. Kaa je? Huyo ana gamba gumu, kitanda cha nini? Nimemwandikia Riungu atume kaa. Tope asijisumbue. Na kama basi halibebi kaa, awalete mwenyewe.