Mlimpeleka Munga Bila Mtu wa Kumtwika

Genge la Tatu la Wachukuzi,
Ghala la Nafaka,
Changamwe, Mombasa.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Msafara wa Timu ya Taifa,
Michezo ya Mataifa ya Bahari Mbili.

Ndugu Mwenyekiti,

Assalamu alaikum, na ikiwa salamu hiyo si yako, basi hujambo, na pole kwa uchovu wa safari. Sisi huku hatujambo isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyenikalisha chini kuandika.

Jina langu ni Luqman Mwaropia, mkaazi wa Likoni. Kazi yangu ni mtwikaji. Najua huko maofisini kazi hii huenda haijulikani, kwa hiyo naieleza. Gunia likiwa chini, mchukuzi haliokoti peke yake. Huinama kidogo, watwikaji wawili wakalishika, mmoja huku na mmoja huku, wakahesabu, wakamwekea begani. Hapo ndipo yeye huondoka nalo. Mimi na mwenzangu Wafula tumemtwika Munga Nguma wa Kisauni kwa miaka kumi na minne, na kwa miaka yote hiyo hajapata kuangusha hata gunia moja. Hubeba magunia matatu ya mchele, kilo mia na hamsini, kutoka kwenye lori mpaka ukuta wa mwisho wa ghala, akipiga mluzi.

Mtu huyo ndiye mliyemchukua mkaenda naye ng'ambo kunyanyua chuma cha kilo mia moja na kumi. Kilichotokea tulikiona kwenye runinga ya Sarah, mama anayetuuzia chai langoni, na nchi nzima ilikiona pia. Munga aliitwa, akapanda jukwaani, akainama kidogo mbele ya chuma, akatazama kulia, akatazama kushoto, akangoja. Saa ikaenda mpaka ikaisha. Akaitwa mara ya pili, akangoja vilevile. Mara ya tatu alingoja mikono iko magotini mpaka taa nyekundu zikawaka, kisha akawaamkia waamuzi kwa heshima, akateremka. Mtangazaji alisema kijana wetu amegandishwa na hofu. Kwanza Munga si kijana, ana miaka thelathini na minane. Pili, hofu haijui.

Tangu arudi, hii ni wiki ya tatu, hajakanyaga ghalani. Vijana wa Genge la Pili wamepata mchezo wao: kila wakipita mbele yetu huinama, wakatazama kulia na kushoto, wakaangua kicheko. Munga amekaa kwake Kisauni, simu yangu haipokei. Mimi namtaka Munga arudi kazini. Hilo tu ndilo ninalolitafuta katika barua hii, na ili lipatikane inabidi ijulikane kosa lilikuwa la nani. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mlimchagua bila kumtazama. Siku ya mchujo, katika ukumbi mmoja huko Kisauni, wateuzi wenu watatu walitoka kwenda kunywa chai wakati zamu ya Munga inafika. Mimi na Wafula tukafanya kazi yetu kama kawaida: tukashika chuma huku na huku, tukahesabu, tukamtwika. Yeye akakisukuma juu ya kichwa kwa sababu aliona wengine wamefanya hivyo. Wateuzi waliporudi, midomo ingali na mafuta ya viazi karai, walimkuta ameshauzunguka ukumbi mara mbili na chuma chake, anauliza kinawekwa wapi. Wakapiga makofi. Wallahi hatukuficha kitu. Tulisimama palepale tunatoka jasho, na mmoja wao akatupa mkono kwa kutudhania makocha. Mtu angeuliza swali moja tu, la kilifikaje huko juu, leo nisingekuwa na haja ya kununua karatasi.

2. Mlimfundisha kwa ufagio. Huko kambini Nairobi alikaa wiki tatu, na kwa wiki zote tatu vyuma vya mazoezi havikuwepo, kwa kuwa mlichelewa kutoa karatasi zake bandarini. Yeye na wenzake wakapewa mipini ya mifagio wanyanyue, eti wazoee mwendo. Ufagio hauhitaji mtwikaji, Ndugu Mwenyekiti. Mtu akinyanyua ufagio wiki tatu, anachojifunza ni kunyanyua ufagio. Nakuarifu pia kwamba vyuma vyenu vimefika salama. Vimekuja juzi Jumanne, siku kumi na tisa baada ya michezo kufungwa, na sisi ndio tuliovishusha. Ni vizuri sana, vipya, vimo kwenye makaratasi yake. Mtavifuata lini?

3. Mlikwenda na maofisa kumi na mmoja. Nimewahesabu mwenyewe kwenye picha ya pamoja, na nimewahesabu tena kwenye runinga, wameketi safu ya mbele kwa suti mpya za michezo, mikono mifukoni. Katika orodha mliyoitangaza yumo Mshauri wa Itifaki ya Bendera, na yumo msaidizi wake, ingawa bendera ilikuwa moja. Munga aliposimama akatazama kulia na kushoto, hatua kumi kutoka hapo wapo wanaume tisa na wanawake wawili walioshiba. Hakuna aliyeinuka. Huku Changamwe mtu akiinama mbele ya mzigo akatazama kando, hata mpita njia anayekwenda zake msikitini atasimama amsaidie, kisha aendelee. Hahitaji cheo wala kitambulisho cha shingoni. Najua mtaniambia kanuni haziruhusu. Nijibuni basi, ni nani kati yenu aliyezisoma kanuni hizo kabla ya siku ile?

4. Kijiti mlikipa watu wanne. Hili limeniuma mpaka leo. Katika mbio za kupokezana, kijiti chenyewe hakifiki uzito wa mwiko wa ugali, mkakipa watu wanne kukibeba, na bado kikaanguka. Chuma cha kilo mia moja na kumi mkampa mtu mmoja. Mashua ya makasia mkaipa watu wanane, ikafika ya mwisho, wakapokewa na mablanketi. Timu nzima ya watu mia moja na nne imerudi na nishani moja ya shaba, nanyi mmetoa taarifa kwamba matokeo yanatia moyo. Kati ya watu wote hao, aliyechekwa ni Munga peke yake, ambaye hakuangusha kitu, hakuzamisha kitu, wala hakumkanyaga mtu.

5. Washindi wenyewe hawakustahili. Nilimtazama kwa makini aliyepewa dhahabu. Ni kweli alikiokota chuma peke yake, jambo ambalo kwetu ni ukosefu wa adabu kwa wenzako, lakini tuliache. Alikiinua, akakishikilia muda wa kupiga chafya mbili, kisha akakiachia kikaanguka chini kwa kishindo, na watu wakamshangilia. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu alikiangusha na kurukaruka juu. Ndugu Mwenyekiti, ule ungekuwa mchele, sakafu nzima ingekuwa nyeupe na wote watatu wangefukuzwa kabla ya saa sita. Na zaidi ya hayo, hawakukipeleka popote! Kazi ya kubeba huanza mzigo unapokuwa umeshapanda. Hao walimaliza pale ambapo Munga huanza. Naomba kamati ikate rufaa, nishani zirudishwe, na shindano lirudiwe kwa kutwikwa, kutembea hatua arobaini, na kutua taratibu. Dhahabu itakuja Kisauni siku hiyohiyo, inshallah.

6. La mwisho ni la heshima. Mmemwacha mtu wa watu aonekane mjinga kwa sababu alitarajia kusaidiwa. Nami nauliza, ni nani kati yenu asiyetwikwa? Kila mwenye cheo katika nchi hii alikiinamia kidogo, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatokea mjomba na shemeji wakakishika huku na huku wakamwekea begani. Hata uenyekiti wako sidhani uliuokota chini peke yako. Tofauti ni kwamba Munga akishatwikwa hutembea.

Kwa hayo yote, nadai mambo mawili. La kwanza, maofisa wote kumi na mmoja waletwe hapa ghalani kwa wiki moja wafundishwe kutwika, tutawaanzia na magunia ya pumba. Nguo za kazi waje nazo wenyewe, suti zile mpya zitafaa. La pili, ambalo silipunguzi hata chembe, kamati imwandikie Munga Nguma barua ya kuomba radhi, yenye muhuri na sahihi yako, isomwe kwa sauti langoni mbele ya magenge yote matatu. Barua hiyo iseme wazi kwamba Munga hakukosa, kwamba alisimama pale akingoja haki yake, na kwamba aliyemwacha peke yake jukwaani ameona aibu. Maneno hayo ya mwisho naomba yasibadilishwe.

Mkiyatimiza hayo, Munga atarudi, nasi tutanyamaza. Mkikataa, mjue kwamba vyuma vyenu vipo ghalani kwetu, chini, na hapa hakuna atakayewatwika.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, wanaume kwa wanawake, na wale wa kijiti, waambie Sarah amewaonea huruma kuliko mimi nilivyowaonea. Mshauri wa bendera naye msalimie, pamoja na msaidizi wake. Wafula anawasalimu pia, amesema nisiandike alilolisema baada ya salamu.

Ni mimi nisiyeridhika hata kidogo, lakini kwa heshima zote,

Luqman Mwaropia,
Mtwikaji wa mkono wa kulia.

Nyongeza: Jana nilikwenda Kisauni kumpelekea Munga barua hii aisome kabla sijaifunga, nikijua itamfurahisha. Nyevu, mkewe, alinikaribisha vizuri kwa chai na mahamri. Munga akaisoma polepole tangu juu mpaka chini, wala hakucheka mahali popote, hata pale pa ufagio. Alipomaliza akaikunja, akanirudishia mkononi.

"Luqman," akasema, "kiti cha ubavuni mwangu ndegeni kilikuwa na jina lako. Kila aliyetaka kukikalia nilimwambia kina mwenyewe."

Basi imenilazimu kuongeza, Ndugu Mwenyekiti, kwamba katibu wako aliniletea tiketi. Munga aliwaambia kambini kuwa haendi bila mtwikaji wake, nao wakakubali, wakaniandika msaidizi wa mchezaji. Wafula alikosa nafasi, ila mimi nilipata. Nilisafiri kwa basi mpaka Nairobi, nikafika naye uwanja wa ndege, nikaiona ile ndege kwa karibu kupitia kioo. Nikamwambia tangulia, nanunua maji, nakuja. Nilirudi nyumbani kwa basi la saa tatu asubuhi. Nilipofika Voi nikamtumia ujumbe kwamba nimecheleweshwa kidogo na nitamfuata na ndege ya kesho yake, nikauandika ujumbe ule ule kesho yake pia. Kwa hiyo siku ile hakuwa akiwatazama maofisa wenu. Alikuwa ananitafuta mimi mlangoni, mara tatu, mpaka saa ikaisha, nami niko kwa Sarah natazama, kikombe mkononi. Wala si vijana wa Genge la Pili wanaomzuia kurudi kazini. Nilimuuliza jana, akasema hao hata hakujua kama wanacheka.

Naomba basi lalamiko la tatu lifutwe, na la nne, na la sita, na hayo mengine ambayo utaona mwenyewe yananihusu. La pili liacheni. Vyuma ni vyenu na viko njiani mwa watu.

Ile barua ya kuomba radhi pia usiiandike. Ila kama ofisini kwenu upo mfano wake, nitumie niuone jinsi inavyoanzwa. Yangu nimeianza mara nne tangu jana, na kila mara sijafika mstari wa pili nimeshaanza kumlaumu mtu mwingine.