Hotuba ya Kuzindua Usafishaji wa Kiwanja cha Betri

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ameshindwa kufika na kwa hiyo kiti chake nimekikalia mimi; Mheshimiwa Mimi, Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati ya Muda ya Ardhi Yenye Sumu; waheshimiwa wajumbe mlioketi kivulini; mabibi na mabwana mliosimama juani; akina mama mliobeba watoto, na watoto mliobebwa: itifaki imezingatiwa, na ambaye sikumtaja ajihesabu ametajwa. (Makofi kutoka kivulini.)

Ndugu wananchi, kiwanja hiki mnachokiona kilikuwa kiwanda cha betri kwa miaka ishirini, kisha mwenyewe akaondoka na mashine zake akatuachia madini ya risasi kwenye udongo, na nyinyi, bila kuniomba kibali, mkapanga vyumba ukutani kwake, mkafunga kamba za nguo kwenye nguzo zake na kuacha watoto wacheze humo. (Minong'ono.) Siwalaumu. Mimi ni kama mzazi wenu, na mzazi husamehe.

Kwa mujibu wa fizibiliti stadi iliyofanywa na wataalamu wangu kwa mfumo shirikishi, jumuishi, endelevu na mtambuka, baada ya wokshopu saba zilizofanyika hotelini kwa sababu hapa kwenu hakuna kiyoyozi, imebainika kwamba mji wetu una viwanja thelathini na kimoja vyenye sumu, na kwa kuwa haviwezi kusafishwa vyote kwa mpigo, tumevipanga kwa prioriti, kwa kutumia fomu ya alama mia moja niliyoibuni mwenyewe nikiwa safarini. (Mjumbe mmoja anaamka, anapiga makofi, anasinzia tena.)

Fundi cherehani pale mbele anauliza kiwanja hiki kimeshika nafasi ya ngapi. Swali zuri sana. Kimeshika nafasi ya thelathini na moja. (Watu wanageukiana.)

Tulieni nifafanue, maana naona sura zinabadilika. Wakaguzi wangu ni watu wenye uzoefu mkubwa. Miaka yote walikuwa waamuzi wa mashindano ya usafi wa maofisi, na kule, panapong'aa ndipo hupewa alama nyingi. Wakaja hapa na kalamu zile zile. Udongo wenu umepata sifuri, maji ya mfereji sifuri, na harufu imepata alama mbili kwa sababu siku ile upepo ulikuwa unaelekea majumbani kwenu. Namba moja imechukuliwa na bustani iliyo mbele ya ofisi yangu, alama tisini na tisa. Ile moja ilipotea kwa ajili ya jani lililoanguka. (Mtu anacheka nyuma.) Wewe unayecheka, cheka tu, lakini jiulize: tukianza kuzawadia uchafu, nani atajitahidi kuwa msafi?

(Mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, anapenya katikati ya watu mpaka mbele.)

Mpeni kipaza sauti, mimi ni kiongozi msikivu. Anasema mwanawe ana mwaka na miezi miwili. Kila akiinamia beseni la nguo, akigeuka anamkuta na udongo mdomoni. Anasema zahanati wamempima damu wakakuta risasi, wakamwambia amtoe mtoto kwenye udongo ule upesi, naye ana chumba kimoja tu, na mlango wake unafungukia humo humo. Pole sana, mama. Mtoto mzuri, macho ni yako matupu. Nakufahamisha kwamba madini yataondolewa katika awamu ya tano, baada ya uhamasishaji, uratibu, tathmini ya uhamasishaji, na ziara ya mafunzo ambayo nitaiongoza binafsi.

("Mheshimiwa," anasema yule mama, polepole kama anayeomba chumvi kwa jirani, "mwanangu ameanza kutembea juzi. Nimwambie akae chini asubiri awamu ya tano?")

Hilo ni swali la kitaalamu, litajibiwa kwa maandishi. (Shangazi wa mtoto anapaza sauti kwamba basi wapewe hata uzio, watoto wasiingie, wao hawataki bustani wala nafasi ya kwanza.) Uzio hauwezekani, shangazi, kwa sababu haumo kwenye fomu, na nikiwaruhusu kuzungushia mbao leo, kesho mtaniambia mmefanya kazi yangu. (Sauti nyingi: "Tutakwambia.")

Tuendelee. Nikisema ardhi safi, nyinyi semeni inawezekana. Ardhi safi! (Wanaitikia wawili, wote wa ofisini kwake.) Mji safi! (Anaitikia mmoja.) Kamati yangu, mbele kwa mbele!

Kwa kumalizia, namshukuru mfadhili, ambaye tutamtafuta. Namshukuru mkandarasi, ambaye hajateuliwa kwa kuwa hapakuwa na cha kumpa. Namshukuru dereva wa tingatinga lile tuliloliazima lipigwe picha, ambaye ananikonyeza kwamba wenyewe wanalitaka kabla ya saa sita. Na kwa kuwa kwenye makaratasi mradi huu ni uzinduzi peke yake, na uzinduzi ndio huu, natangaza rasmi kwamba umekamilika kwa asilimia mia moja, tena kabla ya wakati. Mwisho kabisa namshukuru fundi seremala aliyenijengea jukwaa hili la mbao nzuri, imara... Fundi, mbona unang'oa misumari nami bado nimesimama?

("Si umesema mradi umekwisha?" anauliza fundi, bila kuinua kichwa. "Mbao ni zangu, mzee. Shuka taratibu." Shangazi amekwisha beba ubao wa kwanza, na yule mama anamwonyesha pa kuanzia, mbele ya mlango wake.)