Kuhusu Kukataliwa kwa Nati Zangu za Lori

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Wapanda Miamba wa Machimbo ya Zamani.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana ina uzito wake. Mimi sijambo. Nipo kwenye kibaraza, upepo ni mwingi na mandhari ni ya kutosha. Kwa mwandiko huu uniwie radhi, hapa pameinama kidogo. Nimeandikia nyuma ya ile karatasi ya kanuni za vifaa mliyotugawia, kwa kuwa upande huo ulikuwa haujachafuliwa na kitu.

Nalalamika juu ya mpwa wangu, binti wa dada yangu, huyu mnayemwita Kinyonga kwa jinsi anavyopanda: mkono unafika, unafikiri, ndipo unashika. Leo asubuhi kamati imempa yeye kutangulia kwenye Ukuta Mkubwa, nami, mjomba mtu, nimeambiwa nibaki chini nishike kamba. Naomba uamuzi huo ufutwe kabla hamjamaliza chai. Sababu zangu ni hizi.

1. Nati. Kinyonga alinieleza kwamba katika kupanda kwa jadi hatutoboi mwamba wala hatuachi msumari. Anayetangulia hupachika vifaa kwenye nyufa na kupitisha kamba, na anayefuata huvichomoa. Nikamuuliza vifaa gani. Akasema, Mjomba, kwenye mwamba huu wa sleti sanasana ni nati. Ndugu Mwenyekiti, mimi ni fundi wa malori. Kunitajia nati ni kama kumtajia mpishi chumvi. Nikaleta gunia zima la nati za magurudumu, nimeziosha kwa dizeli, zinang'aa. Kinyonga akazitazama, akanieleza kwa ule upole wake unaoudhi kuliko tusi kwamba nati za wapandaji ni kabari, vijipande vya chuma vyenye waya. Sasa kama ni kabari si aseme kabari? Mweka hazina wenu alicheka mpaka akakalia kofia yake.

2. Ukubwa. Kabari zake nimeziona. Kubwa kabisa inalingana na kidole gumba, ndogo ni kama jino la mtoto lililong'oka. Eti nyufa za sleti ni nyembamba, na ukiitia kabari ndogo pale ufa unapobana, kadiri unavyoivuta ndivyo inavyozidi kukaza. Mimi nina kilo mia na ushee. Nimewahi kulivuta lori la mafuta kutoka mtaroni kwa mgongo wangu mwenyewe, injini imekufa, na dereva aliyekuwa amelala ndani hata hakuamka. Mtu wa namna hiyo unamtundika kwenye jino? Hata kamati, mlipotafuta mwenyekiti, hamkuchagua mwembamba. Mlijua kitu kinene kikishapachikwa mahali hakitoki.

3. Kidude cha springi. Ili yaishe, nikaomba nipewe kile kidude chenye meno kinachojifungua ndani ya ufa. Hicho angalau kinafanana na mashine. Kinyonga akakirudisha begini. Eti sleti ni laini kama kioo, kidude kitateleza, na kikibana sana kitavunja ukingo wa jiwe. Hapo ilibidi nimkumbushe nani alimfundisha kutembea. Akajibu kwamba anashukuru, ila nilimfundishia sakafuni.

4. Kubisha hodi. Hili limenikera kuliko yote. Kabla ya kupachika chochote, binti huyu anagonga mwamba kwa vifundo vya vidole, ko ko ko, kama mgeni mlangoni. Jiwe likilia zito, anapachika. Likilia kama ndoo tupu, anasema limeachana na mwamba wenyewe, anahama. Na watu wazima tumesimama chini, shingo zimekakamaa, tunangoja jiwe limwitikie. Kwangu mwenyewe sibishi hodi, nikabishe hodi kwa jiwe?

5. Jiwe lenyewe. Sleti ndilo lile jiwe la tabaka walilochongea vibao vya kuandikia shuleni. Mimi na vibao tulikosana darasa la tano, na naona mwenzangu bado ana kinyongo. Lina makali ya kukata kamba, na nyufa zake hazifuati kipimo chochote cha gereji. Kwa hiyo naomba nyufa zote zipanuliwe kwa nyundo na patasi mpaka nati zangu ziingie. Kama jadi yenu hairuhusu, basi ukuta mzima uondolewe, liletwe jiwe linalojua kuheshimu watu wazima. Lori la kulibebea ninalo.

6. Umri. Katika kanuni zenu za vifaa sikuambiwa habari ya umri. Nilipoanguka kutoka juu ya tangi la maji nilitua kwa miguu miwili, na ikabidi mafundi waitwe kuja kusawazisha ardhi. Nilikingwa na nini siku ile? Kabari? Mke wangu anasema kama nataka kuanguka nianzie kitandani nizoee, lakini yeye mambo ya kitaalamu hayamhusu. Ndugu Mwenyekiti, tukikubali kutanguliwa na watoto tuliowafuta makamasi, kesho watatunyang'anya usukani, keshokutwa rimoti. Wewe pia una binti. Nimemwona anavyokitazama kiti chako.

Basi nangoja jibu, na nitashukuru likija upesi kidogo. Nisalimieni kamati nzima, mweka hazina pamoja na kofia yake, na wale vijana wanaoelekeza simu zao huku juu. Mke wangu akija kuniulizia, mwambieni nimekula.

Ni mimi mpandaji mwenzenu,

Mjomba Spana,
Fundi Mkuu wa Malori.

Nyongeza: Kibaraza nilichokitaja kiko katikati ya Ukuta Mkubwa, upande wa kushoto, juu ya ule mti uliokauka. Mlipokwenda kunywa chai, nilitangulia. Nati zangu zimeshuka zenyewe, moja baada ya nyingine. Zile kelele si mawe. Kidude cha springi, ambacho nilikitoa begini bila kusumbua mtu, kimeteleza kama sabuni na kuondoka na ukingo wa jiwe. Nati moja iliyobaki ndiyo nimeifungia barua hii iwafikie chini, na kwa kazi hiyo nati ya lori haina mpinzani, chungeni vichwa. Kinachonishikilia sasa ni kile kijino. Kinyonga alikitia mfukoni mwangu asubuhi akasema, Mjomba, kaa nacho tu. Kila nikijitikisa kinazidi kukaza. Mwambieni aje. Akimbie mpaka chini ya ukuta, halafu apande kwa mwendo wake uleule, na asiache hata kijino kimoja huko chini. Kamba nitaishika upande wowote atakaonipa. Na mwambieni nimelibishia hodi hili bapa la jiwe nililokalia. Limeitikia kama ndoo.